Njia Mbili za Kula Mwanga Baharini

Mwanga wa jua unapoupiga uso wa bahari, sehemu ndogo hurudishwa angani na iliyobaki huzama majini. Haizami yote kwa kina kimoja. Rangi nyekundu humezwa na maji mapema, ndani ya mita kumi na ushei za mwanzo. Ndiyo maana mzamiaji akijikata kidole kwenye kina cha mita 20 haoni wekundu wa damu yake. Rangi ya machungwa na ya njano hufuata. Kijani husogea mbali zaidi, na buluu huzipita zote. Katika maji maangavu ya bahari kuu, mbali na midomo ya mito na tope la mikoko, mabaki ya mwanga wa buluu hufika kina cha mita 200. Kwa kuwa wastani wa kina cha bahari za dunia ni karibu mita 3,700, tabaka linalopata mwanga ni jembamba kama utandu wa maziwa yaliyopoa.

Ndani ya utandu huo mna wakazi wengi mno. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya juu ya bahari kina bakteria mamilioni kadhaa. Kila mmoja wao anahitaji nishati ya kujitengeneza, kuogelea, kuvuta virutubisho ndani na kugawanyika, lakini chakula katika bahari kuu ni haba. Mwanga haupungui: kila asubuhi hurudi. Vijidudu vya baharini vina njia kuu mbili za kuutumia. Ya kwanza ni usanisinuru, njia ile ile ya jani la mnazi na jani la mhindi. Ya pili ni pampu ndogo sana yenye rangi, ambayo haikutambuliwa katika maji ya kawaida ya bahari hadi mwaka 2000. Njia ya kwanza hujenga mwili. Ya pili huusaidia mwili kuistahimili njaa.

Usanisinuru huanzia kwenye klorofili, rangi ya kijani. Mwanga ukiipata klorofili, elektroni moja huchangamka na kuruka kutoka mahali pake. Kisha hupokewa na protini moja baada ya nyingine kwenye utando wa seli, kama ndoo zinavyopokezanwa mkono kwa mkono watu wanapozima moto. Pengo inaloliacha huzibwa kwa elektroni kutoka majini: molekuli ya maji hupasuliwa, na oksijeni hutolewa nje kama taka. Mwisho wa safari hiyo seli huwa imepata vitu viwili. Kimoja ni nishati iliyofungwa katika molekuli ya ATP, ambayo ndiyo fedha taslimu ya kila kiumbe hai. Kingine ni elektroni zenye nguvu ya kutosha kuigeuza hewa ya kabonidioksidi kuwa sukari. Kijidudu cha aina hii hakimtegemei kiumbe mwingine kwa mlo. Hujilisha kwa hewa, maji, mwanga na madini kidogo.

Karibu nusu ya usanisinuru wote duniani hufanyika baharini, na hodari wake mkubwa katika maji ya joto ni bakteria aitwaye Prochlorococcus. Pamoja na wingi wake, hakujulikana hadi katikati ya miaka ya 1980. Sallie Chisholm, Robert Olson na wenzao walikuwa wakipima maji ya bahari kwa chombo kinachopitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza. Pembezoni mwa vipimo vyao vilijitokeza vimulimuli vyekundu hafifu, vidogo kiasi cha kudhaniwa kuwa ni makosa ya chombo chenyewe. Zilikuwa seli hai, na habari zake zilichapishwa mwaka 1988. Upana wa seli hizo ni kati ya mikromita 0.5 na 0.7, hivyo zaidi ya 100 zingeweza kujipanga mstari katika unene wa unywele mmoja. Mililita moja ya maji inaweza kubeba zaidi ya 100,000. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2013 yalifikisha idadi yao duniani karibu na tarakimu 3 ikifuatwa na sufuri 27.

Prochlorococcus amegawanyika kulingana na ngazi za mwanga. Ukoo mmoja hukaa karibu na uso wa maji, mahali penye mwanga mkali. Ukoo mwingine hukaa chini, kwenye kina cha mita 100 na zaidi, ambako mwanga uliobaki haufiki asilimia moja ya ule wa juu. Wa chini hujaza seli zao klorofili nyingi ili wasipoteze chembe yoyote ya mwanga inayopita. Klorofili yenyewe imebadilishwa kidogo kimaumbile, ikawa inanasa buluu vizuri zaidi kuliko klorofili ya mimea ya nchi kavu.

Jamaa yake wa karibu, Synechococcus, aligunduliwa baharini mwaka 1979. Yeye huongeza rangi nyingine yenye wekundu wa machungwa, inayomwezesha kunasa mwanga wa kijani, na kwa hiyo hustawi hata katika maji ya pwani yasiyo na ubuluu wa bahari kuu. Jamaa wa tatu, Trichodesmium, huonekana kwa macho. Seli zake hushikana kuwa nyuzi, nyuzi huwa mafungu, na mafungu huelea juu ya maji mithili ya maranda ya mbao. Katika pwani ya Tanzania, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamemfuatilia kwa miaka mingi, huongezeka hasa msimu wa kaskazi, maji yanapokuwa ya joto na yametulia. Yeye hutumia nishati ya mwanga kwa kazi ya ziada: kuitwaa nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea, ambayo baadaye huwafaidi vijidudu wengine.

Hata hivyo usanisinuru ni mtambo wa gharama. Prochlorococcus ana jeni chache kuliko kiumbe mwingine yeyote anayejulikana kuufanya, na bado anahitaji jeni zipatazo 1,700 kuendesha maisha yake. Mtambo wenyewe una protini kadha wa kadha, na hula madini ya chuma kwa wingi: sehemu yake moja tu, ile inayoitwa fotosistimu ya kwanza, ina atomi 12 za chuma. Chuma ni adimu katika bahari kuu, kwa sababu kwa sehemu kubwa hutoka nchi kavu kwa vumbi na mito. Bakteria wengi wa baharini hawana mtambo huo. Wao huishi kwa kufyonza mabaki ya viumbe wengine yaliyoyeyuka majini, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba jua haliwahusu.

Dhana hiyo ilivunjwa na ugunduzi ulioanzia mahali pa mbali na bahari kuu, kwenye maji ya chumvi kali. Maji ya mashamba ya chumvi yanapokaribia kuganda, mara nyingi hugeuka rangi ya waridi. Rangi hiyo hutokana na vijidudu vinavyopenda chumvi, ambavyo jamaa zao ndio wanaoyapa pia maji ya Ziwa Magadi, nchini Kenya, wekundu wake. Kimoja kati ya vijidudu hivyo, Halobacterium, kina mabaka ya rangi ya zambarau kwenye utando wake. Mwaka 1971 Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius, wakifanya kazi San Francisco, walionyesha kwamba zambarau hiyo inatokana na protini iliyoshika molekuli ya retinali.

Jambo hilo lilishangaza, kwa sababu retinali ilikuwa ikijulikana kama kitu cha jicho. Mwili wa binadamu huitengeneza kutokana na vitamini A, ile inayopatikana katika mawese, karoti na maini, na mtu akiikosa huanza kwa kushindwa kuona wakati wa magharibi. Ndani ya jicho, retinali iliyoshikwa na protini iitwayo rodopsini hupokea mwanga na kuujulisha ubongo. Protini ya Halobacterium ilipewa jina la kufanana, bakteriorodopsini. Lakini kijidudu hakina ubongo wa kujulishwa. Hutumia retinali kwa kazi nyingine: kupampu.

Kazi hiyo hueleweka zaidi ikitazamwa hatua kwa hatua. Protini ina nguzo saba zinazotoboa utando wa seli kutoka ndani hadi nje, na katikati ya nguzo hizo retinali imelala imenyooka. Chembe ya mwanga inapoigonga, retinali hujikunja mahali pamoja. Kujikunja huko humsukuma mpangaji aliyekuwa ameishikilia: protoni moja, yaani kiini kitupu cha atomi ya haidrojeni. Protoni hiyo hutupwa nje ya seli. Kisha nyingine huchukuliwa kutoka ndani kujaza nafasi, retinali hunyooka tena, na pampu iko tayari kwa chembe nyingine ya mwanga. Mzunguko wote humalizika kabla mtu hajapepesa jicho mara moja. Chembe moja ya mwanga, protoni moja nje.

Protoni zikiendelea kutupwa nje, zinarundikana huko huku ndani zikipungua. Hapo seli inakuwa kama nyumba yenye tangi la maji juu ya dari: pampu imeshayapandisha maji, na maji yanataka kushuka. Protoni nazo zinataka kurudi ndani. Njia yao ni kupitia kimeng'enya kilichochomekwa kwenye utando, chenye sehemu inayozunguka kama gurudumu la mtambo wa umeme wa maji. Kila kinapozungushwa na protoni zinazopita, kimeng'enya hicho hufyatua ATP.

Kwamba ATP hutengenezwa kwa mrundikano wa protoni lilikuwa wazo la Mwingereza Peter Mitchell, alilolitoa mwaka 1961 na ambalo wengi walilikataa. Mwaka 1974 Stoeckenius na Efraim Racker walifanya jaribio lililoondoa shaka nyingi. Walichukua mafuta ya soya, wakatengeneza vifuko vidogo mithili ya seli tupu. Ndani ya kuta za vifuko hivyo walipachika vitu viwili tu: bakteriorodopsini ya kijidudu cha chumvi na kimeng'enya cha ATP kilichotolewa kwenye moyo wa ng'ombe. Walipowasha taa, ATP ilitengenezwa. Vitu viwili vilivyotoka kwa viumbe wasiojuana vingeweza kushirikiana kwa sababu kilichoviunganisha ni protoni peke yake. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1978.

Kwa karibu miaka 30 pampu hiyo ilihesabiwa kuwa jambo la ajabu la maji ya chumvi kali. Mambo yalibadilika mwaka 2000 katika Ghuba ya Monterey, California. Bakteria wengi wa baharini hukataa kukua maabara, kwa hiyo Oded Béjà, Edward DeLong na wenzao hawakujaribu kuwafuga. Walichota maji ya ghuba, wakachuja vijidudu, wakatoa DNA yao moja kwa moja na kusoma vipande vyake virefu. Katika kipande kimoja cha herufi zipatazo 130,000, mali ya kundi la bakteria liitwalo SAR86, waliikuta jeni ya rodopsini. Hakuna aliyeitarajia hapo.

Jeni peke yake haithibitishi kazi. Watafiti waliihamishia katika Escherichia coli, bakteria wa kawaida wa utumbo asiyejua kutumia mwanga, wakampa na retinali. Bakteria hao wakageuka wekundu. Mwanga ulipowashwa, maji waliyomo yaliongezeka uasidi, dalili kwamba protoni zinatupwa nje. Ulipozimwa, uasidi ukapungua. Protini hiyo iliitwa proteorodopsini. Mwaka 2007 ilionekana tena jinsi ilivyo rahisi kuihamisha: jeni 6 tu zilitosha kumpa Escherichia coli mtambo wote, pampu pamoja na uwezo wa kujitengenezea retinali. Katika jaribio jingine la mwaka huo huo, bakteria kama hao walizibiwa upumuaji kwa sumu, mikia yao ikalegea. Walipomulikwa, mikia ilianza kuzunguka tena.

Ulinganisho wa gharama uko wazi. Usanisinuru unadai makumi ya protini, chuma na klorofili. Pampu ya retinali inadai protini moja yenye viungo, yaani asidi amino, karibu 250, molekuli moja ya rangi, na hakuna chuma hata chembe. Malipo yake pia ni madogo: hutoa protoni tu. Haipasui maji, haitoi oksijeni, na kwa kawaida haitengenezi sukari.

Proteorodopsini nayo imejipanga kulingana na rangi za maji. Mwaka 2001 ilionekana kwamba aina zinazopatikana karibu na uso wa bahari hunasa mwanga wa kijani, karibu na nanomita 525, ilhali aina zilizotolewa kwenye kina cha mita 75 karibu na visiwa vya Hawaii hunasa buluu, karibu na nanomita 490. Miaka miwili baadaye sababu ilijulikana. Kati ya viungo vyote vya protini hiyo, tofauti kubwa hutokana na kimoja tu, cha 105. Kikiwa ni lusini, pampu hupenda kijani. Kikiwa ni glutamini, hupenda buluu.

Baada ya hapo rodopsini ilionekana kila ilikotafutwa. Mwaka 2004, msafara wa Craig Venter uliosoma DNA ya maji ya Bahari ya Sargasso ulitaja jeni mpya 782 za jamii hiyo. Mwaka 2005 Stephen Giovannoni na wenzake waliikuta kwa Pelagibacter, mmoja wa kundi la SAR11 linalokadiriwa kuwa na takriban robo ya seli zote za vijidudu baharini. Pelagibacter ni bakteria aliyepunguza kila kitu kisichomlazimu: DNA yake yote ina herufi milioni 1.3 tu. Kwamba katika kupunguza kote huko hakuitupa jeni ya pampu ni dalili kwamba inamfaa.

Faida yenyewe ilichukua muda kuonekana. Pelagibacter aliyelishwa vizuri maabara hukua sawasawa, awe gizani au mwangani. Bakteria wa Mediterania aitwaye Dokdonia alitoa jibu tofauti mwaka 2007: katika maji yenye chakula kidogo, waliomulikwa waliongezeka kuliko waliokaa gizani. Mwaka 2010 Laura Gómez-Consarnau na wenzake walimtumia Vibrio aliyetolewa Bahari ya Andaman, upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi. Walimnyima chakula kwa siku kadhaa. Waliomulikwa walisalia hai kwa idadi kubwa zaidi na walizinduka upesi walipopewa chakula tena. Kisha wakaiharibu jeni ya pampu, na nafuu ya mwanga ikatoweka. Mwaka 2011 hata Pelagibacter alieleweka: akikosa kaboni, mwanga humsaidia kuihifadhi ATP yake asijitafune mwenyewe.

Kwa hiyo kazi kubwa ya pampu ni kubana matumizi. Bakteria mwenye njaa akiwa gizani hulazimika kuchoma sehemu ya mwili wake ili apate nishati ya kuendelea kuishi. Akiwa mwangani, nishati hiyo hulipwa na jua, na chakula kidogo anachokipata huenda kwenye kujenga mwili badala ya kuchomwa.

Kati ya njia hizo mbili yako makundi madogo yenye mbinu ya katikati. Mwaka 1979 watafiti wa Japani walieleza habari za bakteria wa baharini wanaopumua oksijeni kama kawaida na papo hapo wana bakteriaklorofili. Rangi hiyo hunasa mwanga na kutoa nishati bila kupasua maji, kwa hiyo haitoi oksijeni. Vipimo vya mwaka 2000 na 2001 vilionyesha kwamba wameenea katika bahari kuu. Wa ajabu zaidi ni bakteria wa salfa wa kijani aliyetangazwa mwaka 2005, aliyepatikana kwenye chemchemi ya moto chini ya Bahari ya Pasifiki, nje ya pwani ya Meksiko, zaidi ya mita 2,000 chini. Jua halifiki huko kabisa. Mwanga pekee uliopo ni mng'ao hafifu wa chemchemi yenyewe, na huo ndio unaofikiriwa kumtosha.

Swali lililobaki lilikuwa la hesabu: ni njia ipi inayonasa nishati zaidi? Kupima klorofili ni rahisi, kwa sababu hubadili rangi ya bahari, na satelaiti huiona kutoka angani kila siku. Retinali haionekani kwa namna hiyo. Imetawanyika kidogo kidogo katika seli zisizohesabika. Gómez-Consarnau na wenzake walichukua njia ndefu. Walisafiri katika Mediterania na mashariki mwa Atlantiki, wakichota maji kwenye kina mbalimbali, wakiyachuja, kisha wakipima retinali iliyobaki kwenye vichujio. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Katika sehemu nyingi walizopima, nishati inayonaswa na rodopsini ililingana na ile ya klorofili au iliizidi.

Mpangilio wake nao ulikuwa na maana. Klorofili ilitawala palipo na virutubisho, kwani mtambo wake hauendi bila chuma na nitrojeni. Rodopsini ilipata uzito mkubwa zaidi katika maji yenye uhaba wa virutubisho, ile buluu tupu ya bahari kuu ambayo kwa satelaiti huonekana kama jangwa. Nishati hiyo haijengi sukari, kwa hiyo hesabu za kaboni zinazotegemea rangi ya klorofili haziigusi, ingawa inapunguza kiasi cha chakula ambacho bakteria hao wangekichoma na kukirudisha majini kama kabonidioksidi. Hadi sasa, anayetaka kuiingiza katika hesabu hana budi kushusha chupa na kuchuja maji, kina baada ya kina.